Fila ya Gereji na Sauti ya Klarineti

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Juma hili tuizungumze klarineti, ala nyeusi ipulizwayo katika bendi za tarumbeta. Klarineti nzuri huchongwa kwa mpingo, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoupeleka kwa wingi Ulaya, hasa kutoka Lindi. Sisi wa Mpanda tunasifika zaidi kwa mninga, lakini klarineti hutufikia, aghalabu ikiwa imekwisha kupita mikononi mwa wengine.

Taabu huanzia kwenye kidomo, yaani kile kipande ambacho mpulizaji hukitia kinywani. Mara nyingi kidomo si cha mti bali cha eboniti, mpira uliokaushwa kwa salfa, kwa sababu mti hupindika kwa unyevu. Juu yake hufungwa ulimi wa tete. Kingo mbili zilizo chini ya ulimi huo huanza zikiwa zimenyooka, kisha hujipinda taratibu kuelekea ncha. Ulimi unapotetema hujilaza juu ya mpindo huo na kuinuka tena, mamia ya mara kwa sekunde.

Kwenye ncha huachwa nafasi ya milimita 1 hivi. Kidomo cha Vandoren cha Ufaransa kiitwacho 5RV kina milimita 1.065, B45 kina 1.195. Tofauti ni ndogo mno, lakini mpulizaji huihisi kwa pumzi ya kwanza: nafasi kubwa hutaka ulimi laini, nafasi ndogo ulimi mgumu zaidi.

Je, mpindo hupimwaje? Kifaa chake kipo gereji: ni ile fila ambayo fundi hupimia valvu na plagi. Ifute oili vizuri. Chukua kipande cha kioo kilichonyooka, chora chini yake mistari ya milimita. Ondoa ulimi, laza kidomo juu ya kioo, ncha ikiwa kwenye sifuri. Ingiza bamba la 0.05 kutokea nchani, bila kusukuma kwa nguvu, uandike lilipokwama. Kisha bamba la 0.25, la 0.60 na la 0.85. Kidomo cha kawaida chaweza kukupa milimita 17, 11, 6 na 3.

Tazama pande zote mbili. Bamba likikaa upande, ukingo mmoja umezidi mwingine, na hapo ndipo klarineti hupiga mayowe katikati ya wimbo. Linganisha pia kidomo na kidomo. Viwili vinaweza kuwa na nafasi ileile kwenye ncha, lakini kimoja bamba la 0.25 likafika milimita 12 na kingine 10. Hivyo havitaimba sawa, hata kama muuzaji anaapa kuwa ni mapacha.

Ndugu msikilizaji, wapo wapulizaji ambao sauti ikikataa hukimbilia msasa. Kilichokwanguliwa hakirudi, na kidomo kingine ni fedha nyingi kwa bendi ya harusi au ya kanisa. Pima kwanza, andika namba zako daftarini, kisha jaribu ulimi mwingine. Haraka haraka haina baraka.

Hadi juma lijalo, panapo majaaliwa.