Jinsi nuru inavyounganisha kompyuta kuu za mabenki

HABA na haba hujaza kibaba, walinena wahenga. Kwa wahandisi wanaounganisha kompyuta kuu za mabenki na mashirika makubwa, haba na haba hukimaliza kibaba pia.

Kwa miaka mingi kompyuta hizo ziliunganishwa na hifadhi zake za data kwa nyaya nene za shaba, zilizofika mita 122 hivi tu. Mitambo ikalazimika kukaa pamoja, na moto mmoja ungeweza kuiteketeza yote.

Mnamo 1990, kampuni ya IBM ya Marekani ilizindua mfumo wa ESCON, uliotumia nuru ndani ya uzi wa kioo. Kwa taa ndogo za LED umbali ulifika kilomita 3, na kwa leza kilomita 20.

Je, mhandisi hujuaje kwamba nuru itafika? Hupanga bajeti, kama afanyavyo mwenye mshahara. Upotevu wa nuru hupimwa kwa desibeli, na kila desibeli 3 zikipotea, nuru hupungua kwa nusu.

Tuseme njia inaweza kuvumilia upotevu wa desibeli 10. Kilomita 10 za uzi, kwa desibeli 0.4 kila kilomita, zitakula 4. Viunganishi vinne, kwa 0.5 kila kimoja, vitakula 2. Zitasalia 4.

Salio hilo si la kuchezewa. Leza huchakaa. Wachimbaji wa barabara hukata uzi, nao ukiungwa upya kila kiungo hudai chake. Isitoshe, kiini cha uzi wa leza huwa na kipenyo cha takriban sehemu 9 za milioni za mita, hivyo chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho yaweza kuziba njia.

Kuna gharama nyingine, nayo ni muda. Ndani ya kioo nuru husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi kilomita 10 huchukua sehemu 100 za milioni za sekunde. Ni kidogo, lakini kompyuta inayongoja nakala ya pili ithibitishwe kabla ya kukamilisha kila malipo huirudia subira hiyo maelfu ya mara.

Hivyo basi, kituo cha akiba kikiwa karibu mno, janga moja litaviangamiza vyote viwili. Kikiwa mbali mno, wateja watangoja. Kazi ya mhandisi ni kupima mahali pa kukiweka kabla mtaro wa kwanza haujachimbwa.