Mijadala kwa simu ya mezani

Mwaka 1991, kompyuta ya nyumbani ingeweza kushiriki mjadala na watu wa Nairobi, Harare na London bila intaneti. Ilihitaji modemu, laini ya simu ya mezani, na mwenye nyumba asiyeogopa bili.

Mtandao uliofanya kazi hiyo uliitwa FidoNet. Aliuanzisha Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984, na utaratibu wake ulikuwa kwamba kompyuta hazikai hewani. Kila kituo kinampigia simu jirani kwa saa iliyopangwa, kinakabidhi ujumbe kilio nao, kinachukua unaokisubiri, kisha kinakata. Jirani naye anampigia wa mbele yake. Ni mambo ya sanduku la posta: hakuna tarishi wa kukugongea mlango, unafuata barua zako mwenyewe na kuzisomea nyumbani. Mwaka 1986 Jeff Rush wa Dallas aliongeza programu iliyonakili ujumbe mmoja kwa kila kituo kilichojiandikisha kwenye mada fulani, na hapo ndipo barua za watu wawili wawili zilipogeuka baraza.

Tuseme uko nyumbani na kompyuta yako imesajiliwa kama tawi la kituo kimojawapo. Ekschenji nyingi za zamani hazikutambua milio ya vitufe, kwa hiyo unaiambia modemu ipige kwa midundo: ATDP, halafu namba. Tik-tik-tik, kimya, kisha ule mkwaruzo wa modemu mbili zinazosalimiana. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde hupitisha takriban herufi 240 kila sekunde. Ujumbe wa herufi 2,400 unachukua sekunde 10. Ujumbe mia moja wa namna hiyo, karibu dakika 17. Ndiyo maana kituo kilibana ujumbe wote kuwa kifurushi kimoja kabla ya kuutuma, na dakika 17 zikashuka hadi saba au nane. Kifurushi kikishafika, laini inakatwa. Kusoma na kujibu unafanya baadaye, bure, na majibu yako yanasubiri simu ya kesho.

Mtu wa chumba cha pili akiinua mkono wa simu katikati ya kazi, mawasiliano yanakatika. Zmodem, itifaki iliyopendwa sana kwa usafirishaji huo, ilikuwa na ustaarabu wa kuendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya. Kwa miaka ile ya mgawo wa umeme, hilo halikuwa jambo dogo.

Chini ya kila ujumbe palikuwa na rundo la namba ambalo wageni walilidhania uchafu. Kumbe ni orodha ya vituo vilivyokwisha kuupata. Kituo kikiona namba ya jirani yake humo, hakimpelekei tena. Bila orodha hiyo, ujumbe mmoja ungezunguka bila kikomo, na kila mzunguko ungelipiwa simu.

Bei ya simu ndiyo iliyoamua umbo la mambo yote haya, na Afrika ndiko ilikouma zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Rhodes cha Afrika Kusini kilipata njia ya kutoka nje kwa kuunganishwa na kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Randy Bush, Portland, Marekani. Miaka ya mwanzo ya 1990, mradi wa ESANET, kwa fedha za shirika la IDRC la Kanada, ulitumia FidoNet kuunganisha vyuo vikuu vya ukanda huu, Dar es Salaam kikiwemo. London kulikuwa na GreenNet, lango la vituo vingi vya Afrika. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, nayo ilikuwa na mtandao wa kitabibu wa HealthNet, ambao katika siku zake za mwanzo ulitumia satelaiti ndogo inayopita juu ya upeo kwa dakika chache tu, mara kadhaa kwa siku. Daktari alipandisha swali satelaiti ikipita, akangoja ipite tena.

Wengine husema ucheleweshaji ule ulifanya watu waandike kwa adabu. Mimi nakubali nusu: waliandika kwa kirefu na walinukuu walichokuwa wanajibu, maana msomaji angekuwa amesahau. Ugomvi ulikuwepo, ila matusi yalichukua siku mbili kufika.

Sasa njoo Mbweni, hapa Dar es Salaam. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta bila kibali maalumu mwaka 1974, na hata katazo lilipolegea, laini za simu nchini hazikufika moja kwa kila watu 100. Mbweni ya wakati huo ilikuwa zaidi mashamba na pwani. Sehemu yake kubwa ilipimwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, wakati kampuni ya Mobitel ilikuwa ikiuza huduma ya simu za mkononi tangu 1994. Mkazi wa kawaida wa huku hakuwahi kuungoja mkwaruzo wa modemu. Aliingia kwenye mijadala kupitia simu ya kiganjani.

Kilichoandikwa na waliotangulia kiko wapi? Sehemu kubwa ilifutwa na vituo vyenyewe, kwa kuwa diski zilikuwa ndogo na ujumbe wa zamani ulipisha mpya. Kama kuna mstaafu wa chuo au hospitali mwenye diski za inchi tatu na nusu kabatini, azinakili mapema: sumaku yake hufifia, na chumvi ya hewa ya pwani haisaidii.