Johnson na Nixon katika Mizani ya Historia

Kila nifundishapo historia ya Marekani, wanafunzi hunitaka nitaje aliye bora baina ya Lyndon Johnson na Richard Nixon. Si swali jepesi.

Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki za Kiraia mwaka 1964, na mwaka 1965 ile iliyolinda kura ya Mtu Mweusi. Lakini Johnson huyo huyo aliwaahidi wapiga kura mwaka 1964 kwamba hangewapeleka vijana wao kupigana Asia. Kufikia mwaka 1968, wanajeshi wa Marekani nchini Vietnam walizidi 500,000.

Naye Nixon, aliyeshika hatamu mwaka 1969, aliamuru Kambodia ishambuliwe kwa mabomu kwa siri. Hata hivyo, ndiye aliyezuru Uchina mwaka 1972 na kuufungua mlango uliofungwa kwa zaidi ya miaka 20. Njia ya mwongo ni fupi, walinena wahenga: kanda alizojirekodia mwenyewe zilimfichua katika kashfa ya Watergate, akajiuzulu Agosti 1974.

Wengi humlaani Nixon na kumsamehe Johnson. Mimi siafiki. Uongo wa Nixon ulimgharimu kiti. Wa Johnson uliwagharimu vijana uhai wao. Ingawa kwa sheria zake namweka Johnson mbele, sithubutu kusema kuwa zilifuta damu hiyo.

Walimu wenzangu, tusiwafunze watoto kumwabudu kiongozi wala kumtukana. Tuwafunze kuzisoma hesabu zake zote mbili.