Mkono wa Serikali Wakati wa Dhiki: Mpango Mpya wa Marekani, 1933–1943

Wahenga walilonga kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii aghalabu hutumiwa kuhusu watu binafsi, lakini uhusiano baina ya serikali na raia wake pia waweza kupimwa kwa mizani iyo hiyo. Mfano bayana ni Marekani katika miaka ya 1930.

Mnamo Oktoba 1929, bei za hisa ziliporomoka katika soko la New York. Katika miaka iliyofuata viwanda vilifungwa, mazao yakakosa wanunuzi, na takriban benki 9,000 zikaanguka. Ilipofika mwaka 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne hakuwa na kazi. Rais Herbert Hoover hakukaa kitako. Mwaka 1932 serikali yake iliunda shirika la kuzikopesha benki na kampuni za reli. Hata hivyo, alishikilia kuwa kumlisha mwenye njaa ni wajibu wa mashirika ya hisani na serikali za majimbo. Walalahoi waliojenga vibanda kandokando ya miji wakaviita kwa jina lake kwa kejeli.

Franklin D. Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933, akaja na Mpango Mpya. Hatua zake huainishwa katika makundi matatu: msaada wa dharura, ufufuzi wa uchumi, na marekebisho ya mfumo wenyewe.

Kwanza zilishughulikiwa benki. Ifahamike kuwa benki haihifadhi fedha zote za wateja. Sehemu kubwa huikopesha. Wateja wote wakidai akiba zao kwa wakati mmoja, hata benki imara huweza kuanguka. Kwa sababu hiyo, Roosevelt alizifunga benki zote kwa muda, akawaeleza wananchi sababu zake kupitia redio, kisha zile zilizobainika kuwa nzima zikafunguliwa. Hofu ilitulia, na watu wengi wakarudisha fedha zao. Baadaye mwaka huo, sheria ilianzisha bima ya amana za wateja.

Kuhusu msaada, Harry Hopkins, aliyesimamia shughuli hiyo, aliamini kuwa kumpa mtu kazi ni bora kuliko kumpa sadaka. Aliyepokea posho alichunguzwa nyumbani kwake ili athibitishe ufukara wake; aliyepewa kazi alipokea ujira na kuhifadhi heshima yake. Katika majira ya baridi ya 1933–1934, zaidi ya watu milioni 4 waliajiriwa kwa muda kukarabati barabara na shule. Vijana walipelekwa kambini kupanda miti na kuzuia mmomonyoko wa udongo kwa dola 30 kwa mwezi, 25 kati ya hizo zikitumwa kwa jamaa zao. Shirika la kazi za umma lililoundwa mwaka 1935 liliajiri takriban watu milioni 8.5 hadi lilipovunjwa mwaka 1943. Wasomi nao hawakuachwa: waandishi waliolipwa na serikali walikusanya masimulizi zaidi ya 2,300 ya watu waliowahi kuwa watumwa. Bila ujira huo, huenda sauti nyingi za wazee hao zingezikwa pamoja nao.

Fauka ya hayo, wakulima walilipwa ili wapunguze uzalishaji na bei zipande. Pamba ilifukiwa kwa plau na nguruwe wapatao milioni 6 wakachinjwa, ilhali kulikuwa na watu waliolala njaa. Isitoshe, malipo yalimwendea mwenye shamba. Katika majimbo ya kusini, wakulima wengi waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mazao, Waafrika-Wamarekani wakiwa miongoni mwao, walifukuzwa kwa kuwa ardhi waliyoilima ilikuwa imepumzishwa. Vivyo hivyo, sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935 ilileta pensheni ya uzeeni na bima ya ukosefu wa kazi, lakini iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani. Naam, dau la mnyonge haliendi joshi.

Je, Mpango Mpya uliuponya uchumi? Ukosefu wa kazi ulipungua, lakini haukwisha. Serikali ilipobana matumizi mwaka 1937, uchumi ulidorora tena, na ni matumizi makubwa ya Vita vya Pili vya Dunia yaliyorejesha ajira kikamilifu. Pamoja na hayo, bima ya amana na hifadhi ya jamii zimedumu hadi leo.

Kwa muhtasari, msaada humwokoa mtu leo, ufufuzi humrejesha kazini kesho, na marekebisho humkinga asianguke tena. Serikali inayotaka kuwafaa watu wake kwa dhiki yapaswa kuyaunganisha yote matatu. Aidha, kabla ya kuhesabu mamilioni waliosaidiwa, sharti iulize ni nani ambaye sheria yenyewe imemsahau.