Ndovu Hukumbuka kwa Mahali

Karibu na Timau, katikati ya mashamba ya ngano, barabara kuu ya Nanyuki–Meru inapita juu ya njia ya ndovu. Wasafiri wengi hawaioni. Kivuko hicho cha chini ya barabara kilijengwa mwaka 2010, kikiwa sehemu ya ushoroba wa kilomita 14 hivi unaounganisha Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare, na kutoka hapo hifadhi ya Lewa. Mtu angedhani ndovu wangehitaji miaka kuzoea handaki lenye malori yanayonguruma juu yake. Dume mmoja aliyeitwa Tony alipita siku chache tu baada ya kufunguliwa.

Handaki lilikuwa jipya, lakini safari ilikuwa ya kale. Ndovu walipanda na kushuka mlima huu kabla ya ua na barabara.

Kumbukumbu ya mnyama haikai peke yake. Imefungamana na mahali, harufu na saa. Mwaka 1992 maabara mbili za Marekani zililionyesha hilo kwa panya. Panya alisikia mlio akiwa ndani ya sanduku, kisha akapigwa shoti. Baadaye aliganda kwa hofu akisikia mlio, na pia akirudishwa sandukuni hata pakiwa kimya. Aliyeharibiwa hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo iliyopinda kama farasi-bahari, aliendelea kuogopa mlio, ila sanduku halikumtisha tena. Aliyeharibiwa amigdala hakuogopa lolote. Kwa hiyo amigdala hubeba hofu yenyewe, na hipokampasi huifunga na mahali ilipotokea.

Jambo linalonishangaza zaidi ni seli za mahali zilizomo ndani ya hipokampasi, alizozigundua mwanasayansi John O'Keefe mwaka 1971 na zikamletea Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Seli moja huwaka panya akifika kona fulani. Mhamishie chumba kingine, na seli zilezile hujipanga upya, kana kwamba ubongo umefungua ramani nyingine.

Ndovu naye ana hipokampasi, na mwenendo wake unaonyesha jinsi anavyopima mazingira. Huko Amboseli, mtafiti Karen McComb na wenzake waliwasikilizisha ndovu maneno yenye maana moja yaliyosemwa na Wamaasai na Wakamba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikuwa wazi: sauti za wanaume wa Kimaasai, ambao mara nyingine huwachoma mikuki, ziliwafanya wajikusanye na kurudi nyuma. Sauti za wanawake na wavulana wa jamii hiyohiyo hazikuwatia hofu kiasi hicho. Walikuwa wanapima msemaji ni nani.

Maarifa ya namna hii hukaa zaidi kwa majike wakongwe. Huko Tarangire, Tanzania, katika ukame wa mwaka 1993, makundi yaliyoondoka hifadhini yalipoteza ndama wachache kuliko yaliyobaki, na yaliongozwa na majike wenye umri wa kutosha kuwa waliuona ukame wa 1958–1961.

Ndama hujifunza njia kwa kuifuata nyuma ya wakubwa. Ikizibwa kwa kizazi kimoja, kizazi kijacho hakitakuwa na cha kukumbuka. Mwaka 2013 Lewa na Ngare Ndare ziliongezwa kwenye Urithi wa Dunia wa Mlima Kenya, lakini ushoroba wenyewe unakatiza mashamba. Wenye ardhi wa Timau, na sisi tunaokula ngano yao, tuuache wazi.