Mfumo wa Matangazo Shuleni: Utunzaji Wake na Haki za Anayeugharimia

Mzazi anayempeleka mtoto bweni huulizia ada, chakula na godoro. Ni nadra kumsikia akiuliza iwapo sauti ya mwalimu wa zamu hufika bwenini usiku wa manane. Swali hilo si dogo. Agosti 2009 moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, na wasichana 12 wakapoteza maisha. Septemba 2020 watoto 10 walifariki dunia katika bweni la Shule ya Msingi Byamungu, wilayani Kyerwa. Mikasa yote miwili ilitokea usiku. Hatudai kwamba kipaza sauti peke yake huzuia maafa ya namna hiyo, kwani milango inayofunguka na madirisha yasiyozibwa kwa nondo hutangulia. Hata hivyo, aliyelala hawezi kuukimbilia mlango kabla hajaamshwa.

Makala haya yanawahusu wazazi pamoja na wajumbe wa bodi na kamati za shule, ambao kwa michango yao ndio wanunuzi halisi wa vifaa hivi. Mfano wetu ni Ruhuwiko, katika Manispaa ya Songea, eneo ulipo uwanja wa ndege wa mji huo. Hadi mwaka 2018, njia ya umeme kutoka Makambako ilipofika, Songea ilitegemea mitambo ya dizeli. Kuunganishwa na Gridi ya Taifa kumerahisisha mambo mengi, ukiwamo ununuzi wa vikuza sauti na spika za kuning'inizwa ukutani. Kumeleta pia mazoea yenye hatari: kudhani kwamba umeme utakuwapo saa zote.

Hapo ndipo kasoro kubwa zaidi ilipo. Mvua za Ruvuma hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na huja na radi. Dhoruba inayoweza kuangusha mti juu ya bweni ndiyo hiyo hiyo inayokata umeme. Mfumo usio na betri hunyamaza wakati unapohitajiwa. Hunyamaza pia uniti za LUKU zinapokwisha saa nane usiku, jambo lisilohitaji dhoruba yoyote.

Kwa hiyo betri ndiyo ikaguliwe kwanza. Betri ya risasi iliyofungwa, aina inayotumika sana katika mifumo hii, kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano. Taa ya kijani kwenye kichaji haithibitishi uzima wake. Kipimo cha kuaminika ni rahisi: mara moja kwa mwezi zimeni swichi kuu inayolisha mfumo, kisha tangazeni kwa vipindi kwa muda wa nusu saa. Sauti ikianza kufifia au kukwaruza kabla ya muda huo, betri ibadilishwe. Tarehe ya kufungwa kwake iandikwe kwa wino usiofutika juu ya betri yenyewe, kwani daftari hupotea.

Jambo la pili ni mzigo. Mifumo mingi ya shule hutumia laini ya volti 100, ambayo huwezesha spika nyingi kulishwa kwa kebo moja ndefu bila sauti kupotea njiani. Kila spika huwekewa kiasi cha wati itakachovuta, na jumla yake isizidi uwezo wa kikuza sauti. Ni busara kubakiza akiba ya moja ya tano. Chukua kikuza sauti cha wati 120 chenye spika tisa za wati 10: jumla ni wati 90, na akiba ipo. Shule ikijenga bweni jipya na fundi akaongeza spika nne, jumla huwa wati 130. Mfumo utalia siku ya kwanza, na huenda mwezi wa kwanza, kisha utaungua, nanyi mtaambiwa kuwa kifaa kilikuwa kibovu. Ombeni hesabu hiyo kwa maandishi kabla ya kulipa. Ikumbukwe pia kuwa volti 100 si za kuchezea. Wanafunzi wasifungue spika wala kugusa viungio vya nyaya.

Spika za nje hazihitaji mengi: ziinamishwe kidogo ili maji yasituame ndani, na kabla ya mvua zichunguzwe kama nyigu wamejenga ndani yake. Waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi, upimwe kila mwaka na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Mlio wa hatari usifanane kamwe na kengele ya vipindi. Mtoto aliyezoea mlio mmoja kwa kila jambo atageukia upande wa pili na kuendelea kulala. Majaribio ya usiku yafanywe pia, matroni au patroni akiwa ndani ya bweni, mlango umefungwa, akieleza alichosikia kwenye kitanda cha mbali kabisa. Na ile ringi ya gari iliyokuwa ikigongwa kwa chuma isiuzwe chakavu. Haina betri wala fyuzi.

Wakati wa kununua, daini risiti ya EFD na waranti inayotaja muda na vitu vinavyohusika; waranti ya mdomo haina nguvu mbele ya muuzaji aliyesahau. Intakomu zisizotumia waya hupitia masafa ya redio, hivyo ziwe zimeidhinishwa na TCRA. Bidhaa mnayoitilia shaka kuwa bandia ipelekeni kwa malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), na iliyo chini ya kiwango TBS, mkiambatisha risiti na picha ya kibandiko chenye namba ya kifaa. Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ibandikwe kando ya maikrofoni, kwa maandishi makubwa yanayosomeka kwa mwanga wa tochi.