Goma: Telefone ya kutoka ng'ambo, zawadi inayoweza kukataa rezo ya nyumbani

Ilikuwa zawadi ya binti kwa mama yake: telefone nzuri, kioo kikubwa, iliyonunuliwa Marekani. Msafiri aliileta mpaka Kigali, ikapanda basi hadi Gisenyi, ikavuka Petite Barrière na kufika Birere, katikati ya mji wa Goma. Mama, muuza vitenge, alitoa kadi SIM katika telefone yake ndogo ya vifungo, akaiingiza katika ile mpya. Ile ya zamani akampa mdogo wake aliyekuwa anarudi Rutshuru siku ileile.

Jioni ndipo alipoelewa. Kila alipotaka kupiga simu, kioo kilimwonyesha maneno ya Kiingereza kwamba kadi yake haikubaliwi. Siku tatu nzima wateja walimtafuta bila kumpata. Hata feza walizomtumia kwa telefone hakuweza kuzitazama wala kuzitoa.

Mafundi wa telefone wa Birere wanakijua vizuri kisa cha namna hii, sawa na wenzao wa Kadutu kule Bukavu na wale wa Uvira. Jamaa nyingi za Kivu zina mtoto, kaka au shangazi anayeishi Marekani, Canada, Ubelgiji, Dubai au Kampala, na telefone ni zawadi ya kwanza ambayo mtu anafikiria kutuma. Ni nyepesi, ina bei, na inaleta sura ya mpendwa karibu.

Lakini mashariki mwa Congo telefone si kitu cha kuongea tu. Ni mfuko wa feza. Mshahara, karo ya shule, nauli ya moto na deni la dukani vinapita katika M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Tangu Januari 2025, mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 na mabenki yakafunga milango, wakaaji wengi walibaki na njia hiyo peke yake ya kupokea na kutuma feza. Telefone inayokataa rezo inamfungia mtu mkono.

Kwa nini basi telefone nzima, isiyo na hata alama ya kuanguka, inaweza kukataa kadi ya Congo?

Kufuli ya kampuni iliyoiuza

Sababu ya kwanza ni kufuli. Marekani, watu wengi hawalipi telefone kwa mara moja. Kampuni ya simu inawapa mkononi, nao wanalipa kidogo kidogo kila mwezi, mara nyingi kwa miaka miwili au mitatu. Ili mteja asikimbie na mali isiyolipwa, kampuni inaifunga telefone hiyo isikubali kadi nyingine isipokuwa yake. Ikivuka bahari, kufuli inavuka nayo.

Kufuli hiyo inafunguliwa na kampuni iliyoifunga. Kwa kawaida inataka deni liwe limemalizika na telefone iwe imetumika kwenye rezo yake kwa muda fulani. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuombwa msaada ni aliyenunua, si fundi wa Birere. Yeye ndiye mwenye mkataba, na ndiye anayeweza kuandikia kampuni akiwa kulekule.

Inchi zote hazina desturi moja. Uingereza ilikataza makampuni kuuza telefone zilizofungwa kuanzia Desemba 2021, na Japani ikafanya vile Oktoba mwaka huohuo. Telefone mpya iliyonunuliwa huko baada ya tarehe hizo haiko na tatizo hili. Ya zamani inaweza kuwa nalo bado.

Kuna pia kufuli ya sehemu ya dunia. Baadhi ya telefone za Samsung zinaandikwa kwenye boksi kwamba lazima zianze kazi na kadi ya eneo zilipouzwa, kwa mfano Ulaya. Dawa yake ni rahisi ikiwa telefone haijatumwa: aliyenunua aingize kadi ya huko kwanza, apige simu kwa zaidi ya dakika tano, ndipo aifunge kwenye mzigo. Ikikwisha kufika Goma ikiwa bado katika nailoni yake, mambo yanakuwa magumu.

Katika mitaa, kazi ya kufungua telefone inaitwa kudekode. Mafundi wengine wanaifanya vizuri kwa namba za siri zinazotoka kwa kampuni. Wengine wanabahatisha, na mteja anarudi nyumbani na telefone isiyowaka tena. Fundi mwaminifu anaanza kwa kuuliza telefone ilitoka wapi na kama deni lake limelipwa.

Mawimbi yasiyokutana

Sababu ya pili haihusu kufuli. Telefone ni kama redio: lazima ishike mawimbi ambayo mnara unayarusha. Congo, kama sehemu kubwa ya Africa na Ulaya, inatumia mawimbi ya megahezi 900 na 1800 kwa rezo ya 2G. Amerika Kaskazini ilijengwa juu ya 850 na 1900. Telefone iliyotengenezwa kwa soko la kule peke yake inaweza kufunguliwa kabisa na bado isisikie mnara wa Goma, au isikie pale mjini na kunyamaza mara tu mtu anapofika Sake.

Telefone nyingi za kisasa zinashika mawimbi ya pande zote, na hapo hakuna shida. Hatari iko kwa zile za bei ndogo na zile za zamani. Marekani, baadhi ya makampuni yalitumia kwa miaka mingi teknolojia nyingine inayoitwa CDMA, na telefone zake za kwanza hazikuwa hata na nafasi ya kadi. Makampuni makubwa ya huko yalizima 3G mwaka wa 2022. Telefone ya zamani iliyoachwa kabatini baada ya hapo inaweza kufanya kazi nzuri Bukavu ikiwa inashika mawimbi ya Congo. Kama haishiki, inabaki ya kupiga picha tu.

Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Telefone ikiunganishwa na wifi ya jirani, WhatsApp inafunguka, video inaonekana, na mwenyewe anasema ni nzima. Lakini menyu ya feza, ile ya kubonyeza nyota na namba, inapita katika rezo ya simu yenyewe, si katika wifi. Bila rezo, mtu anaweza kumwona mjukuu wake aliye Texas na ashindwe kumlipa muuza makala aliye mlangoni.

Telefone isiyo na tundu

Jambo jipya linawashangaza wakaaji: telefone isiyo na mahali pa kuingiza kadi. Kuanzia iPhone 14, iliyotoka Septemba 2022, zile zinazouzwa Marekani hazina tundu la kadi SIM. Zinatumia eSIM, yaani kadi isiyoshikika ambayo kampuni inaituma ndani ya telefone. iPhone 14 iliyonunuliwa Dubai au Ulaya bado ina tundu lake. Kwa macho zinafanana. Tofauti iko ubavuni.

Kabla ya kulipia au kukubali telefone ya namna hiyo, inafaa kupita kwanza katika duka la kampuni yako ya simu na kuuliza kama inatoa eSIM na kama huduma ya feza inafanya kazi nayo. Swali hilo halina bei. Telefone yenyewe inaweza kugharimu mamia ya dola.

Mkopo na wizi unaovuka mpaka

Si kila telefone inayotoka nje ni zawadi. Nyingi zinafika sokoni kutoka Kampala, Nairobi, Kigali au Bujumbura, na bei yake inavutia. Katika inchi hizo jirani, telefone zinauzwa pia kwa mkopo: mteja analipa kidogo kidogo, kwa siku au kwa juma. Ndani yake kuna programu inayofunga kioo ikiwa malipo yamesimama. Mdaiwa anaweza kuvuka mpaka, akaiuza Goma kama mali yake. Siku chache baadaye kioo kinafungwa na kumwomba mnunuzi alipe deni lisilo lake. Kufuta kila kitu na kuianzisha upya hakusaidii, juu programu hiyo inarudi.

Telefone za wizi zina alama nyingine. Tangu 2013, iPhone iliyopotea inaweza kubaki imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe hata ikifutwa. Android nazo zilifuata njia hiyo miaka miwili baadaye: zikifutwa kwa nguvu, zinaomba akaunti ya Google ya mtu wa kwanza. Mwuzaji anayesema kwamba amesahau neno la siri, au kwamba fundi ataliondoa, mara nyingi anauza kitu kisicho chake.

Kila telefone ina pia kitambulisho chake, namba 15 zinazoitwa IMEI. Zinaonekana kwa kubonyeza *#06#. Lazima zilingane na zile za kwenye boksi. Inchi zingine zinazitumia kuzima telefone bandia: Tanzania ilifanya hivyo Juni 2016. Wakongomani nao wanazikumbuka namba hizo kwa njia nyingine. Kuanzia Septemba 2020, serikali ilitoza kodi ya RAM, ya kuandikisha vifaa vya simu, iliyofika dola 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G au 4G. Ilikuwa inakatwa moja kwa moja katika unite za mteja. Baada ya malalamiko mengi ya raiya na mabishano bungeni, iliondolewa mwaka wa 2022.

Rezo ya jirani inayoingia bila hodi

Kwa wakaaji wa mpakani kuna shida ya kinyume: telefone inayokubali rezo nyingi kupita kiasi. Mawimbi hayaombi jeto kwenye kizuizi. Birere, pembeni ya mto Ruzizi kule Bukavu, au Kavimvira karibu na Uvira, telefone ya Congo inaweza kuacha mnara wake na kushika ule wa Rwanda au Burundi. Mwenyewe yuko nyumbani kwake, lakini anahesabiwa kama msafiri, na unite zinayeyuka.

Kule Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda, dalili ni saa. Uganda iko mbele kwa saa moja. Telefone ikishika rezo ya huko, saa yake inaruka, na mfanya biashara wa Beni anafikiri amechelewa soko.

Ili kujikinga, mtu anafungua sehemu ya mipangilio, anachagua mwenyewe rezo ya kampuni yake badala ya kuacha telefone itafute, kisha anazima intaneti ya safarini. Wengine wanaishi na telefone ya kadi mbili, moja ya +243 na nyingine ya +250 au +257. Njia hiyo ni nzuri, ikiwa mtu anakumbuka ni kadi gani anapigia: kutoka kadi ya Rwanda, jirani wa avenyu moja huko Goma anakuwa mtu wa inchi ya kigeni.

Mambo yalikwisha kuwa rahisi zaidi. Mwaka wa 2006, Celtel ilianzisha mpango wa One Network kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, na mwaka uliofuata ikaingiza Congo: mteja alivuka mpaka na kadi yake, akapiga kwa bei ya pale. Kuanzia 2014, serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilipunguza bei za kupigiana simu kati yao. Congo haikuwa ndani ya mpango huo ulipoanza. Iliingia Jumuiya ya Africa Mashariki mwaka wa 2022.

Maswali matano kabla ya kulipa

Kwa anayetaka kununua au kutumiwa telefone ya nje, mambo ya kuhakikisha ni machache. Je, deni lake limelipwa lote na kampuni imeifungua? Je, ina tundu la kadi? Je, inashika 900 na 1800? Je, akaunti ya mwenyewe wa kwanza imeondolewa? Je, chaja yake imeandikwa 100-240V, ili umeme wa hapa usiiunguze? Dukani, ingiza kadi yako mwenyewe, piga simu, kisha fungua menyu ya feza mbele ya mwuzaji. Ikikataa pale, haitakubali nyumbani.

Mama wa Birere, yeye, alimpigia binti yake kwa wifi ya jirani. Binti alikuwa bado analipa telefone ile kila mwezi; kampuni ilimjibu asubiri hadi deni limalizike. Mama hakumwambia kwamba alipoteza wateja. Alinunua telefone nyingine ya vifungo, ya kadi mbili, akaenda kwa kampuni yake kuhakikisha namba yake, na feza zake alizikuta zote. Ile kubwa iko ndani ya sanduku la vitenge. Kila Jumapili jioni anaitoa, anaenda kwa jirani mwenye wifi, na kumwangalia mjukuu wake anavyokua.